Mwongozo kamili wa kutengeneza kigunduzi cha elektroni cha silikoni chenye vijia vya kukuzia

Elektroni moja hubeba chaji ya kulomu 1.6 × 10⁻¹⁹ tu, na kwa sababu hiyo hakuna saketi ya kawaida inayoweza kuipokea ikiwa peke yake na kuihesabu kwa uhakika. Ni lazima kwanza izaane. Njia iliyothibitika ya kuizalisha ni kuipitisha katika kijia chembamba kilichomo ndani ya ombwe, ambacho ncha zake mbili zimewekewa tofauti ya volteji inayokaribia 1,000. Elektroni inayogonga ukuta wa kijia hicho hutoa elektroni nyingine mbili au tatu, na hizo nazo huvutwa na uga wa umeme, hugonga ukuta tena na kutoa nyingine, mpaka mwisho wa kijia kunatoka wingu la maelfu. Ukipanga mamilioni ya vijia hivyo bega kwa bega ndani ya bamba moja, unapata kigunduzi kinachohesabu elektroni mojamoja na wakati huohuo kinaonyesha kila moja imeangukia wapi.

Wazo hili ni la zamani. L. Austin na H. Starke walieleza utoaji wa elektroni za pili, yaani zile zinazotolewa na uso uliogongwa, mwaka 1902, Philo Farnsworth aliomba hataza ya kikuzaji cha elektroni nchini Marekani mwaka 1930, na mwaka 1962 Goodrich na Wiley wa maabara za Bendix walichapisha habari za kijia kimoja chenye ukuta unaokuza kwa mfululizo. Mabamba yaliyofuata yalitengenezwa kwa kioo chenye risasi: nyuzi za kioo huvutwa, hufungwa pamoja, hukatwa vipande, kiini cha kila uzi huyeyushwa kwa asidi, kisha bamba huchomwa ndani ya hidrojeni ili uso wa kuta uweze kupitisha umeme kidogo. Ndiyo mabamba yaliyomo katika miwani ya kuonea gizani, katika vipima-masi, na katika kamera mojawapo ya darubini ya anga ya Chandra iliyorushwa mwaka 1999.

Ugumu wa kioo ni kwamba kitu kimoja kinabebeshwa kazi tatu. Kioo hichohicho ndicho kinachotoa umbo la vijia, ndicho kinachoamua ukinzani wa bamba, na ndicho kinachotoa elektroni za pili, kwa hiyo ukigusa moja ya sifa hizo unazigusa zote. Aidha, aina nyingi za kioo hiki zina potasiamu au rubidi, ambazo isotopu zake zenye unururifu husababisha hesabu za uongo hata kigunduzi kikiwa gizani. Silikoni inazitenga kazi hizo. Umbo linachongwa katika silikoni, uhami unatokana na oksidi, ukinzani unawekwa na tabaka la pili, na utoaji wa elektroni unawekwa na tabaka la tatu. Mwaka 2000 C. P. Beetz na wenzake walichapisha taarifa ya mabamba ya silikoni yaliyotengenezwa kwa njia ya namna hii, na mpaka leo mantiki yake haijabadilika. Anayeanza kazi hii na alishike jambo hili tangu mwanzo: silikoni ni kiunzi tu, na kikuzaji chenyewe ni matabaka membamba yaliyo juu ya ukuta. Mabamba mengi hufa kwa sababu mtengenezaji ametumia ustadi wake wote kwenye uchongaji, akafika kwenye oksidi akiwa na haraka.

Hatua ya kwanza: piga hesabu kabla ya kugusa silikoni

Jambo linaloongoza ukuzaji ni uwiano wa urefu wa kijia kwa upana wake, wala si upana peke yake. Kwa volteji 1,000, uwiano wa kati ya 40 na 60 hufanya kazi vizuri. Ukiwa mdogo mno, elektroni hugonga ukuta mara chache na wingu linakuwa dogo. Ukiwa mkubwa mno, elektroni hugonga mara nyingi lakini kila mara kwa nishati hafifu, na ukuta hautoi kitu cha maana. Ili kuona uzito wa jambo hili, chukua kijia ambamo kuna migongano 10. Ikiwa kila mgongano unazalisha elektroni 2, mwishoni zinatoka 1,024. Ikiwa kila mmoja unazalisha 3, zinatoka 59,049. Tofauti ya elektroni moja tu kwa kila mgongano imezidisha matokeo mara 57 na zaidi, na hiyo ndiyo sababu tabaka la mwisho, lenye unene wa nanomita chache tu, lina uzito kuliko kazi yote ya kuchimba.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tunataka bamba lenye eneo hai la duara la kipenyo cha milimita 25, lenye vijia vya mraba vilivyopangwa kimraba kwa nafasi ya mikromita 12 kutoka kitovu hadi kitovu, na urefu wa mikromita 450. Kila kijia kinamiliki eneo la mikromita za mraba 144, kwa hiyo bamba litabeba vijia milioni 3.4 hivi.

Umechagua mraba kwa sababu gani, wakati mabamba ya kioo yana vijia vya duara? Sababu iko katika oksidi, na inafaa tuihesabu sasa, kwa maana ikifika wakati wa tanuri mchoro wako hauwezi kubadilishwa tena. Silikoni tupu hupitisha umeme. Ukiweka volteji 1,000 kwenye bamba la silikoni isiyohamiwa, mkondo utapita katika kuta badala ya kupita katika tabaka la ukinzani, na bamba litaungua. Kwa hiyo kuta zote katika eneo la vijia zigeuzwe oksidi mpaka kiini. Oksidi yenye unene wa mikromita 1 hula silikoni ya mikromita 0.44, na sehemu iliyobaki huvimba kuelekea ndani ya kijia. Chukua ukuta wa silikoni wenye unene wa mikromita 1.5 ulio kati ya vijia vya upana wa mikromita 10.5. Kila upande unapaswa kula mikromita 0.75, na ukuta ukiisha kuwa oksidi kamili utakuwa na mikromita 3.4. Kijia kitabaki na upana wa mikromita 8.6, sehemu iliyo wazi itakuwa asilimia 51 ya uso wa bamba, na uwiano wa urefu kwa upana utakuwa 52. Tumo ndani ya mipaka.

Sasa tazama pale kuta zinapokutana. Katika mpango wa mraba, katikati ya njia panda ya kuta iko umbali wa mikromita 1.06 kutoka kona ya kijia iliyo karibu, badala ya 0.75. Katika mpango wa matundu ya duara yaliyopangwa kama sega la nyuki, yenye ukuta mwembamba uleule wa mikromita 1.5 mahali pembamba zaidi, kitovu kinachozungukwa na matundu matatu kiko umbali wa karibu mikromita 1.7. Kuta zitakuwa zimekwisha kugeuka oksidi ilhali vitovuni bado zimesimama nguzo za silikoni, kila moja ikitoka uso mmoja wa bamba hadi wa pili. Nguzo hizo ni nyaya kamili zinazounganisha elektrodi zako mbili (tabaka za metali za juu na chini zinazopokea volteji), na huzioni kwa hadubini ya juu juu isipokuwa ukikata bamba na kutazama ubavu wake. Mraba hauondoi tatizo hili kabisa, lakini hulipunguza hadi kiwango ambacho tanuri linaweza kulimaliza.

Hatua ya pili: chagua njia ya kuchimba

Njia zilizo mbele yako ni mbili. Ya kwanza ni uchongaji mkavu kwa zamu unaotumia plazima (gesi yenye chembe za chaji), uliobuniwa na Franz Lärmer na Andrea Schilp wa kampuni ya Bosch nchini Ujerumani katika miaka ya 1990: gesi ya salfa heksafloridi huchimba kwa sekunde chache, kisha gesi ya kaboni na florini huvika kuta utando wa kuzilinda, na zamu hizo hurudiwa mamia ya mara. Njia hii inakubali umbo lolote la tundu, inafanya kazi kwa silikoni ya aina yoyote, na maabara nyingi zinayo mashine yake. Hata hivyo kasi yake hupungua kadiri tundu linavyozama, kuta hubaki na mikunjo midogo kama ngazi, na juu ya yote huchimba wima kutoka kwenye uso wa kaki (kipande chembamba cha duara cha silikoni). Uwima huo ni hasara, kwa sababu kijia kinachotazamana na elektroni moja kwa moja huipitisha hadi chini bila kugonga ukuta, na ayoni (atomi zenye chaji) zinazozaliwa karibu na mwisho wake hupata njia nyeupe ya kurudi juu na kuanzisha mapigo ya uongo.

Njia ya pili ni uchongaji wa kielektrokemia unaosaidiwa na mwanga, uliofafanuliwa na Volker Lehmann na Helmut Föll mwaka 1990. Kaki ya silikoni ya aina ya n (ambayo umeme wake hubebwa hasa na elektroni) huwekwa uso wake wa mbele ukigusa asidi hidrofloriki iliyopunguzwa makali, na mgongo wake ukimulikwa. Mwanga huzalisha mashimo ya chaji, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni ambazo hutenda kama chaji chanya; mashimo hayo husafiri hadi kwenye ncha za matundu ambako uga wa umeme ni mkubwa zaidi, na silikoni huyeyuka hapo tu. Kuta hazishambuliwi kwa kuwa mashimo hayazifikii. Kwa mfano wetu ninapendekeza njia hii bila kusita, kwa sababu inafikia kina cha zaidi ya mara 40 ya upana bila kuchoka, na kwa sababu matundu yake hufuata mhimili wa fuwele badala ya kufuata wima wa uso. Ukiagiza kaki iliyokatwa kwa kuinamishwa digrii 8 kutoka kwenye mhimili huo, vijia vyako vitazaliwa vimeinama kiasi hichohicho.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo haihusu kaki hata kidogo. Watafiti wa Neuchâtel nchini Uswisi walitandaza tabaka nene la silikoni isiyo na fuwele yenye hidrojeni, lenye makumi kadhaa ya mikromita, wakachimba vijia ndani yake kwa plazima. Silikoni ya namna hiyo ina ukinzani mkubwa kiasi kwamba haihitaji kugeuzwa oksidi, na inaweza kutandazwa moja kwa moja juu ya saketi ya kusomea. Kikwazo chake ni urefu mdogo wa vijia, ambao unabana ukuzaji. Sitaifuata hapa.

Hatua ya tatu: chora, anzisha matundu, chimba

Anza na kaki safi ya aina ya n yenye ukinzani mahususi wa karibu ohm-sentimita 10 kwa nafasi ya mikromita 12. Nafasi ikiwa ndogo zaidi, ukinzani nao ushuke, la sivyo matundu hujizalia mahali ambapo hukuyapanga. Otesha oksidi ya kukinga, paka utando unaohisi mwanga, angaza kupitia kiolezo chenye miraba yako, kisha fungua madirisha katika oksidi. Tumbukiza kaki katika mmumunyo wa moto wa potasiamu hidroksidi. Mmumunyo huo huchonga silikoni kwa kufuata nyuso za fuwele zenye pembe ya digrii 54.7, na kila dirisha huacha piramidi iliyopinduliwa yenye ncha kali. Ncha hiyo ndiyo mbegu ya kijia: uga wa umeme utajikusanya hapo tangu dakika ya kwanza. Juu ya kaki iliyoinamishwa piramidi hutoka na mashavu yasiyolingana, jambo ambalo halina madhara mradi ncha zote zimo katika mstari.

Kabla ya kufungua chupa ya asidi hidrofloriki, hakikisha jeli ya kalisi glukoneti iko mezani na kila aliyemo chumbani anajua ilipo. Asidi hii ikiwa hafifu huweza kupenya ngozi bila kuuma, na maumivu huja baada ya saa kadhaa wakati tayari inashambulia kalisi ya mwilini. Glavu ziwe nzito na zisizo na tundu, kinga ya uso ivaliwe wakati wote, na kazi ifanyike chini ya kivuta-hewa. Vyombo viwe vya plastiki ya polipropilini au tefloni, kwa kuwa asidi hii huyeyusha kioo. Mtu asiifanye kazi hii peke yake.

Upana wa tundu unaongozwa na mkondo wa umeme. Kwa kila mkusanyiko wa asidi na halijoto kuna mkondo wa kikomo, na sehemu ya eneo itakayochimbwa ni sawa na mkondo unaopitisha ukigawanywa kwa mkondo huo wa kikomo. Ukitaka tundu la mikromita 8 katika nafasi ya 12, eneo lake ni asilimia 44, kwa hiyo pitisha mkondo wa 0.44 ya kikomo. Usijaribu kufikia mikromita 10.5 kwa mkupuo mmoja, kwani hapo unakaribia kikomo na kuta huanza kuliwa. Chimba kwa mikromita 8, kisha panua matundu baadaye kwa mmumunyo hafifu wa baridi wa potasiamu hidroksidi, ambao pia huyanyoosha matundu yaliyojiviringa na kuyarudisha kuwa miraba. Kwa kasi ya nusu mikromita hadi mikromita moja kwa dakika, kina cha mikromita 450 kinachukua kati ya saa 7 na nusu na saa 15. Katika muda huo wote asidi mpya inapata shida kufika chini ya tundu na mkondo wa kikomo unashuka, kwa hiyo mwanga na mkondo vipunguzwe polepole kwa programu, la sivyo ncha za matundu zitapanuka kama vibuyu. Shikilia halijoto isiyumbe, zungusha mmumunyo, na ongeza kiasi kidogo cha dawa ya kupunguza mvutano wa uso ili viputo vya hidrojeni viachie uso. Kiputo kimoja kikiganda mahali pamoja kwa saa nzima huacha doa lenye matundu mafupi ambalo halitibiki.

Ukimaliza, ondoa silikoni iliyobaki nyuma ya kaki kwa kusaga na kuchonga mpaka vijia vitoboke, kisha osha kwa maji safi mno na kausha taratibu. Mvutano wa maji yanayokauka huweza kuvuta kuta nyembamba zikashikana, hivyo suuza ya mwisho iwe kwa alikoholi.

Hatua ya nne: oksidi

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Katika tanuri la mvuke la nyuzi 1,100 za Selsiasi, oksidi ya mikromita 1.7 inayotosha kummaliza ukuta wa kawaida huota kwa saa 6 hivi. Lakini njia panda za kuta, kwa umbali ule wa mikromita 1.06, zinadai oksidi inayolingana na mikromita 2.4, na hiyo ni karibu saa 12. Kwa matundu ya duara yaliyopangwa kama sega la nyuki hesabu hiyohiyo inafika saa 29. Anayetoa bamba baada ya saa 6 kwa sababu kuta zinaonekana nyeupe na angavu chini ya hadubini ameacha nguzo za silikoni ndani yake, na atakapoliwekea volteji atalaumu tabaka la ukinzani kwa kosa ambalo halikulifanya. Acha bamba tanurini kwa saa 12 na zaidi, kisha kata kipande cha majaribio kilichochomwa pamoja nalo, kitazame ubavu kwa hadubini ya elektroni, na utafute madoa angavu kwenye njia panda.

Silikoni ikigeuka oksidi huvimba mara 2.2 hivi kwa ujazo. Eneo la vijia linavimba, lakini ukingo mnene unaolizunguka haugeuki isipokuwa kwa ngozi ya juu, kwa hiyo bamba hukunjamana kama sinia lililopashwa moto. Pandisha na shusha halijoto polepole, gawa uoksidishaji katika vipindi, na fanya ukingo mnene uwe mwembamba kadiri nguvu ya bamba inavyoruhusu. Ukingo huo una hatari nyingine pia: ndani yake bado ni silikoni inayopitisha umeme. Elektrodi ya juu na ya chini zikilala juu yake, volteji 1,000 zinabebwa na ngozi mbili za oksidi zenye jumla ya mikromita 4.8, yaani zaidi ya volti 200 kwa kila mikromita. Oksidi nzuri inastahimili mara kadhaa ya hapo, lakini tundu moja la vumbi linatosha kuiangusha. Ni salama zaidi elektrodi iishie kwenye eneo la vijia na pete ya kugusia ibonyeze hapohapo.

Hatua ya tano: tabaka la ukinzani na tabaka la utoaji

Njia inayofaa kuvika kuta za kijia chenye uwiano wa 52 ni kuweka tabaka kwa atomi, mbinu iliyokuzwa nchini Finland na Tuomo Suntola kuanzia mwaka 1974. Gesi mbili huingizwa kwa zamu, kila moja ikishika uso mara moja tu na kukoma, kwa hiyo unene unahesabiwa kwa idadi ya mizunguko: alumina (oksidi ya alumini) inayotokana na trimethili-alumini na maji huota takriban nanomita 0.1 kwa kila mzunguko. Trimethili-alumini huwaka yenyewe ikikutana na hewa, na mabomba yake yakaguliwe kabla ya kila kazi. Mradi wa mabamba makubwa ya kioo ulioanza mwaka 2009 kati ya maabara ya Argonne, Chuo Kikuu cha Chicago na Berkeley ulionyesha kwamba kiunzi kisicho na uwezo wowote wa umeme kinaweza kupewa ukinzani na utoaji kwa mbinu hii peke yake, na somo hilo linahamia kwenye silikoni iliyogeuzwa oksidi bila mabadiliko makubwa.

Kwanza tafuta ukinzani unaoutaka. Bamba zima liwe na ohm milioni 100, ambazo kwa volteji 1,000 hupitisha mikroampea 10. Vijia vyote viko sambamba, kwa hiyo kijia kimoja kinapaswa kuwa na ohm 3.4 × 10¹⁴. Mzingo wa ndani wa kijia ni mikromita 34.4 na urefu wake 450, kumaanisha kwamba tabaka likikunjuliwa urefu wake ni mara 13 hivi ya upana, yaani miraba 13 mfululizo, na ukinzani wa kila mraba uwe wa karibu ohm 2.6 × 10¹³. Kiwango hicho hupatikana kwa kuchanganya alumina, ambayo ni kihami, na chembe za tungsteni au molibdenamu: mizunguko mingi ya alumina, kisha mizunguko michache ya metali, na kurudia. Uwiano wa mizunguko hiyo ndiyo skrubu yako ya kurekebishia, na ni skrubu nyepesi sana kugeuka, kwani mabadiliko madogo ya metali hubadilisha ukinzani mara kumi. Tengeneza kwanza vipande vya majaribio vyenye uwiano tofauti, kisha pima kila kimoja ndani ya ombwe. Kipimo cha hewani hudanganya kwa sababu ya unyevu.

Muda wa kuacha gesi ndani ya kijia hukua kwa mraba wa uwiano wa urefu kwa upana. Kijia chenye uwiano wa 52 kinahitaji zaidi ya mara 4 ya muda wa kijia chenye uwiano wa 25. Ukifupisha, midomo ya kijia itakuwa na tabaka kamili na tumbo lake halitakuwa nalo, nawe utapata bamba lenye ukinzani usio na kipimo.

Juu ya tabaka la ukinzani weka tabaka la utoaji, alumina au magnesi oksidi, lenye unene wa nanomita 5 hadi 20. Magnesi oksidi hutoa elektroni nyingi zaidi lakini huharibiwa na unyevu na kaboni dioksidi ya hewani. Alumina ni mvumilivu. Kwa bamba la kwanza ningechagua alumina. Usilifanye nene kwa kudhani kwamba wingi ni heri, kwa sababu tabaka la kihami lililo nene hubaki na chaji chanya baada ya kila pigo na kuua mapigo yanayofuata.

Hatua ya sita: elektrodi

Vukiza nikromu (aloi ya nikeli na kromi) ndani ya ombwe na uiache itue juu ya nyuso zote mbili, kwa unene wa nanomita 100 hadi 200, huku bamba likizungushwa na kuinamishwa. Pembe ya kuinamisha huamua metali itaingia ndani ya kijia kiasi gani. Chanzo kikiwa digrii 63 kutoka kwenye mhimili wa kijia, metali huingia nusu ya upana. Kikiwa digrii 45, huingia upana mmoja kamili. Upande wa kuingilia tumia nusu, ili elektroni inayoingia igonge tabaka la utoaji mapema. Upande wa kutokea metali iingie upana mmoja au miwili, kwani huko huzinyoosha elektroni zinazotoka na picha inakuwa kali zaidi, ingawa unalipa kwa kupoteza sehemu ya ukuzaji.

Hatua ya saba: kuliamsha bamba na kulipima

Weka bamba ndani ya ombwe la chini ya paskali 10⁻⁴ na ulikaushe kwa joto la wastani kwa usiku mzima. Kisha pandisha volteji kwa hatua za 50, ukisubiri dakika kadhaa kila mara na ukitazama mkondo. Mkondo unapaswa kupanda kwa uwiano na volteji. Ukiona unapanda peke yake ilhali volteji haijabadilika, shusha mara moja: ukinzani wa tabaka hupungua kwa joto, mkondo huongeza joto, na mzunguko huo ukiachiwa huunguza bamba kwa muda mfupi. Ukiona mruko wa ghafla na mwanga wa doa dogo, kuna vumbi au nguzo ya silikoni mahali hapo.

Volteji ikifika 900 na bamba likitulia, elekeza kwake elektroni chache za nishati ya mamia ya elektronivolti, au mwanga wa urujuanimno, na weka nyuma yake anodi ya metali (elektrodi chanya inayopokea elektroni). Bamba moja linalofanya kazi vizuri hutoa elektroni 1,000 hadi 10,000 kwa kila moja inayoingia. Kumbuka kwamba kijia kimoja kinapitisha pikoampea 3 hivi tu, kwa hiyo kikishatoa elektroni 10,000 kinahitaji zaidi ya nusu ya milisekunde kujaza chaji iliyoondoka. Mahali penye mwanga mkali pataonekana pamefifia, na hilo halina uhusiano na ubovu wa kuta.

Kwa kuhesabu elektroni mojamoja, panga mabamba mawili, la pili likigeuzwa digrii 180 ili vijia vyake viinamie upande mwingine. Ayoni zinazopanda kutoka chini hugonga ukuta pale pembe inapovunjika, na ukuzaji hupanda hadi milioni moja na zaidi. Acha nafasi ya mikromita 50 hadi 150 kati yake. Rekodi ukubwa wa mapigo elfu kadhaa: ukiona kilima kilichojitenga na sifuri, kigunduzi kinatambua elektroni mojamoja, ukiona mteremko tu, rudi kwenye tabaka la utoaji. Mwishowe funika chemba gizani na uhesabu mapigo kwa saa moja, kisha gawanya kwa eneo la bamba na kwa sekunde. Namba hiyo iandikwe kwenye kisanduku cha bamba pamoja na ukinzani wake na tarehe, na bamba lenyewe lihifadhiwe katika ombwe au naitrojeni kavu mpaka siku litakapowekwa kwenye chombo chake.